Kampuni zikivuka mpaka kuungana, idhini moja haitoshi

Kampuni mbili kutoka nchi tofauti zinapoafikiana kuhusu bei, wengi hudhani kwamba shughuli imekwisha. Viongozi hupeana mikono, picha hupigwa, nao wafanyakazi huanza kuulizana ni nani atakayebaki na ni nani atakayeonyeshwa mlango. Kisheria, hata hivyo, kazi huwa ndiyo kwanza inaanza.

Chukua mfano wa National Bank of Kenya. Machi 2024, Kundi la KCB lilitangaza kwamba lingeiuza benki hiyo kwa Access Bank ya Nigeria. Benki Kuu ya Kenya iliidhinisha ununuzi huo Aprili 4, 2025 na Waziri wa Fedha akafuata Aprili 10. Shughuli ilikamilika Mei 30, miezi 14 baada ya tangazo. Kwa mnunuzi aliyekopa fedha, muda huo ni riba tupu.

Benki husimamiwa kwa sheria zake mahsusi, lakini kampuni za sekta zote hukutana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Sheria hiyo inasema wazi kwamba muungano uliotekelezwa bila idhini hauna nguvu. Wanaokiuka wanaweza kufungwa jela hadi miaka mitano, kutozwa faini isiyozidi Sh10 milioni, au adhabu zote mbili. Isitoshe, Halmashauri ya Ushindani inaweza kuwatoza hadi asilimia 10 ya mapato yao ya mwaka uliotangulia nchini Kenya.

Swali linalowatatiza wengi ni lini hasa muungano huhesabiwa kuwa umetekelezwa. Kulipa bei yote ni kutekeleza. Malipo ya awali yasiyozidi asilimia 20 ya bei hayahesabiwi hivyo. Mkurugenzi anayeharakisha kulipa fedha zote ili kumridhisha muuzaji hujitia kitanzi mwenyewe. Hali kadhalika, kampuni zinazoshindana zikianza kupanga bei pamoja au kupeana siri za wateja kabla ya idhini, hujiweka katika hatari ya kushtakiwa.

Halmashauri haiangalii soko pekee. Katika suala la National Bank, iliweka sharti kwamba angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wa benki hiyo wadumishwe kwa mwaka mmoja. Mnunuzi aliyepiga hesabu ya faida yake kwa kutegemea kupunguza wafanyakazi mara moja atajikuta pabaya. Hata kipindi cha aina hiyo kikipita, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Yafaa pia ibainishwe iwapo kinachonunuliwa ni hisa au mali. Hisa zikinunuliwa, mwajiri ni yule yule. Mali ikinunuliwa, mwajiri hubadilika na mikataba ya wafanyakazi huhitaji kushughulikiwa upya.

Ng'ambo ya mpaka kuna wasimamizi wengine wasiofungwa na uamuzi wa Nairobi. Mwaka 2020, KCB ilitangaza kuwa ingenunua benki mbili kutoka kwa Atlas Mara, moja nchini Rwanda na nyingine Tanzania. Ile ya Rwanda ilinunuliwa mwaka uliofuata. Ya Tanzania iliachwa baada ya baadhi ya idhini kukosekana. Ndiyo sababu mkataba hauna budi kutaja kila idhini inayohitajika, tarehe ya mwisho ya kuipata, na nani atakayebeba gharama ikiwa haitapatikana.

Nayo idhini ikipatikana bado inaweza kupingwa. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani iliidhinisha mwaka 2022 ununuzi wa Tanga Cement na kampuni tanzu ya Heidelberg, ambayo tayari ilikuwa ikimiliki Twiga Cement. Mwaka huo huo, Baraza la Ushindani lilibatilisha uamuzi huo baada ya kampuni nyingine ya saruji kukata rufaa.

Juu ya mamlaka za kitaifa zipo za kikanda. Tume ya Ushindani ya COMESA, yenye makao Lilongwe, Malawi, ilianza kazi Januari 2013. Tanzania si mwanachama wa COMESA, ilhali Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama wa COMESA na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pia. Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya hiyo ilitangaza kwamba ingeanza kupokea maombi ya miungano ya kuvuka mipaka Novemba 1, 2025. Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, wakili wa kampuni ya Nairobi inayonunua kiwanda Kampala anapaswa kuuliza kwa maandishi, Lilongwe na Arusha, ombi lake litapelekwa wapi na ada italipwa kwa nani.