Je, Buibui Amekukojolea?

Mara nyingi hospitalini tunawapokea wagonjwa wenye malengelenge wakisema, "Buibui amenikojolea usiku." Kabla ya kumlaumu, tumfahamu.

Mwenye miguu mirefu myembamba, aningʼiniaye kwenye utando darini, hana madhara. Yule bapa akimbiaye ukutani hula wadudu. Mdogo arukaye huwinda nzi na mbu. Aina moja ya kandokando ya Ziwa Victoria hupenda hasa mbu walioshiba damu.

Wa kujihadhari naye ni wa kahawia, mwenye tumbo la mviringo na alama nyekundu au ya rangi ya chungwa chini yake. Hujificha chini ya viti na chooni. Akikuuma, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Maumivu yakienea mwilini, fika hospitali.

Na malengelenge? Yakijipanga upande mmoja wa mwili kwa maumivu makali, huo ni mkanda wa jeshi, si mkojo wa buibui. Usipake majivu. Dawa hufaa zaidi ikianza ndani ya siku 3. Tunashauri pia upimwe virusi vya UKIMWI, kwani ugonjwa huu hutokea kinga ya mwili inapopungua.