Upupu, panya na mkono unaotetemeka

Huku Chunya, mzee akianza kutetemeka mkono, watu huulizana: alichoma sana dhahabu kwa zebaki, au karogwa? Zebaki kweli hudhuru neva na kuleta mtetemeko. Lakini upo pia ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi hawaujui. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 kati ya watu 161,071. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kwenye Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa taratibu. Dopamini ikipungua, misuli hukakamaa, hatua huwa nzito, na mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia.

Sasa, upupu. Ndiyo, uleule unaokufanya ujikune! Vinyweleo vya ganda ndivyo vinavyowasha, lakini mbegu zina levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vidonge vya hospitali. Panya walioharibiwa seli hizo upande mmoja wa ubongo walipopewa upupu, miondoko yao ilibadilika kama ya waliopewa levodopa.

Basi tumepata tiba? Tusikimbilie huko. Panya wa maabara hupewa sumu inayoua seli ndani ya siku chache. Kwa binadamu huchukua miaka. Tena, katika majaribio mengi ya mimea, panya hunyweshwa dawa kabla ya sumu au pamoja nayo. Ni sawa na kujenga boma simba hajafika. Kwa mgonjwa, simba keshakula ng'ombe: dalili zikionekana, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa.

Upupu una nafuu kidogo, kwa sababu unaongeza kilichopungua. Lakini hauzuii seli kuendelea kufa. Kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na ikizidi huleta kichefuchefu, presha kushuka, hata kuona vitu visivyokuwepo. Na kama mtetemeko umetokana na zebaki, levodopa siyo jibu.

Kwa hiyo, ukisikia "mmea fulani unatibu Parkinson", uliza: ni panya au watu? Walipewa kabla au baada ya kuugua? Na mzee wako anayetetemeka mpeleke kwa daktari kwanza. Kama ameshaanza kutumia upupu, msimfiche daktari.