Kiungo cha Data na Video kwa Biashara: Maswali Manne Kabla ya Kusaini Mkataba

Mfanyabiashara anaponunua huduma ya intaneti ya ofisi, jambo la kwanza analoelezwa ni kasi: megabiti 10, 20 au 50 kwa sekunde. Namba hiyo ina umuhimu wake, lakini peke yake haitoshi. Mkutano wa video unaweza kukatika mbele ya mteja kwa sababu ambazo tangazo halikuzitaja. Kwa hiyo tunakushauri uulize maswali yafuatayo.

1. Kasi ya kupakia ni ipi? Kasi inayotangazwa mara nyingi ni ya kupakua. Katika mkutano wa video, picha yako nayo husafiri kwenda kwa wenzako. Picha ya ubora wa juu huhitaji takribani megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Aidha, baiti 1 ni sawa na biti 8. Faili la megabaiti 500 litachukua takribani dakika 7 kutumwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na zaidi ya nusu saa kwa megabiti 2.

2. Je, kiungo ni cha pamoja au maalumu? Kiungo cha pamoja hugawanywa miongoni mwa wateja kadhaa, na kasi yake hushuka saa za msongamano. Kiungo maalumu hutengewa mteja mmoja, nacho huwa ghali zaidi. Duka linalotuma barua pepe na kupokea malipo laweza kutosheka na cha kwanza. Kliniki inayomuunganisha mgonjwa na daktari aliye mbali yafaa ifikirie cha pili.

3. Huduma itapatikana kwa kiwango gani? Ahadi ya asilimia 99 huruhusu huduma kukatika kwa zaidi ya saa 7 katika mwezi wa siku 30. Asilimia 99.9 huruhusu takribani dakika 43 tu.

4. Ahadi isipotimizwa, utapata nini? Muda wa matengenezo na kiwango cha fidia viandikwe ndani ya mkataba. Maneno ya wakala wa mauzo ni vigumu kuyathibitisha baadaye.

Huduma ikikiuka mkataba, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na utunze namba ya kumbukumbu. Pima kasi kwa nyakati tofauti na uhifadhi matokeo. Usiporidhika na majibu, tuletee shauri lako pamoja na vielelezo hivyo.