Sanduku la zana la baba: Kabla hujaliuza kwa kilo, lifungue

Dar es Salaam. Baba akifariki, nguo zake hugawiwa, shamba hupata mrithi na simu huzimwa. Sanduku la zana ndilo husahaulika. Hubaki stoo au uvunguni mwa kitanda, msumeno ukila kutu, randa ikiganda, na mara nyingi wa kwanza kuliulizia ni mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani na mizani yake.

Kwenye mizani ile, randa iliyonyoosha milango ya mtaa mzima haina tofauti na kipande cha nondo. Inapimwa, inalipiwa, inaondoka. Mjane anapata hela ya mboga ya siku mbili tatu.

Uingereza na Marekani, sanduku kama hilo lina watu wanaolihangaikia. Wapo wanaoamka alfajiri kwenda minadani na kwenye magulio ya vitu vilivyotumika, wakitafuta randa, patasi, keekee na misumeno ya mkono iliyotengenezwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wanazipeleka nyumbani, wanaondoa kutu, wanazinoa na kuzirudisha kazini. Wengine wanakusanya tu, wanapanga kutani na kutazama. Ni burudani ya watu wa rika zote, ingawa wastaafu ni wengi, na ina mabishano yake makali. Pia ina hatari kwa afya ya waliomo ndani ya nyumba, hasa watoto, jambo ambalo katika furaha ya kupata randa ya bei poa husahaulika haraka.

Chuma kinachonoleka

Ukimuuliza fundi kwa nini msumeno wa babu ni bora kuliko wa dukani, jibu liko kwenye meno. Misumeno mingi ya siku hizi meno yake hukomazwa kwa joto kiwandani hadi tupa haiyaingii. Yakikata vizuri, yanakata kwelikweli, lakini yakiisha makali kazi imekwisha, msumeno unatupwa. Wa zamani unanolewa kwa tupa, jino baada ya jino, miaka nenda rudi.

Patasi na visu vingi vya randa za zamani navyo vilitengenezwa kwa ustadi wa pekee. Bapa jembamba la chuma kigumu liliunganishwa kwenye mgongo wa chuma laini. Sehemu inayokata ikawa ngumu, na mgongo ukawa rahisi kusugua kwenye kinoo. Mtu anaweza kuhisi tofauti hiyo mkononi bila kuelezwa.

Kwa upande wa randa za chuma, jina linalotajwa zaidi ni Stanley, kampuni ya Marekani iliyochukua kazi ya mbunifu Leonard Bailey mwaka 1869. Umbo lile, lenye gurudumu la kupandisha na kushusha kisu, limebadilika kidogo mno tangu hapo, na randa nyingi za chuma unazoziona kwenye karakana za hapa nchini ni ndugu zake. Ndiyo maana mkusanyaji anaweza kuchukua kipuri kutoka randa moja iliyovunjika akakifunga kwenye nyingine iliyotengenezwa miongo kadhaa baadaye, kikakaa.

Halafu kuna majina. Mafundi wa Uingereza waligonga majina yao kwenye kichwa cha randa ya mbao ili isiibiwe kazini. Zipo randa zenye majina mawili, matatu, hata zaidi, kila mmiliki akigonga lake chini ya aliyemtangulia.

Baba aliyemnunulia mwanawe

Sanduku linaloheshimiwa kuliko mengi lilianza na baba na mtoto. Mwaka 1796, katika eneo la Kent kusini mashariki mwa Uingereza, Joseph Seaton alimnunulia mwanawe Benjamin seti nzima ya zana za useremala. Randa zilitoka kwa mtengenezaji wa London aliyeitwa Christopher Gabriel. Mwaka uliofuata Benjamin alitengeneza sanduku la kuzihifadhi, lenye droo na nafasi maalumu ya vifaa, akaandika na orodha ya vilivyomo.

Baada ya hapo hakuzitumia sana, na hapo ndipo kuna kichekesho cha historia. Kama Benjamin angekuwa mchapakazi wa kila siku, misumeno ingeisha kwa kunolewa, patasi zingebaki vipisi, na leo hakuna ambaye angelijua jina lake. Kwa kuwa zilikaa, sanduku limefika karne ya 21 karibu kama lilivyofungwa. Lipo katika makumbusho ya Guildhall mjini Rochester, na mafundi wanalichunguza kifaa kwa kifaa ili kujua misumeno ya wakati ule ilichongwaje. Baba yeyote aliyewahi kumnunulia mwanawe vifaa vya shule akavikuta bado vipya mwisho wa mwaka atamwelewa mzee Seaton.

Upande wa Marekani kuna kasha la Henry Studley, fundi wa piano wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1925. Ni kasha la kutundika ukutani, la mbao ya mahogani lenye nakshi za mpingo na lulumizi, na ndani yake zimepangwa zana takriban 300, nyingine zikiwa zimelala nyuma ya nyingine kama kurasa za kitabu.

Si wote wanaokusanya vitu vya kifahari. Ken Hawley, muuza zana wa Sheffield aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuokota vile ambavyo viwanda vya mji huo wa chuma vilikuwa vinatupa vilipokuwa vinafungwa: visu, tupa, mikasi, hata vifaa vilivyoishia katikati ya kutengenezwa. Mkusanyiko wake, wenye zaidi ya vitu 100,000, uko kwenye makumbusho ya Kelham Island mjini humo.

Na zipo zana ambazo hazikuishia makumbusho. Shirika la Tools for Self Reliance, lenye chimbuko lake Netley Marsh karibu na Southampton, kwa miaka mingi lilikusanya zana zilizolala kwenye mabanda ya Waingereza. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, walizisafisha, wakazinoa, wakazipanga kwa seti za seremala, mhunzi, fundi magari na fundi cherehani, kisha zikasafirishwa kuja Afrika, Tanzania ikiwamo. Kwa hiyo mzee wa Hampshire amekaa barazani akisugua kutu ili randa ifike kwa kijana wa huku, wakati huohuo huku randa ya marehemu inapandishwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Jambo hilo linafikirisha.

Kusafisha si kung'arisha

Ugomvi mkubwa wa wakusanyaji ni kiasi gani cha kusafisha. Wapo wanaosugua hadi chuma king'ae kama sinia la harusi. Wapo wanaoona hiyo ni kuua kifaa, kwa sababu ule weusi wa mikono ya fundi kwenye mpini ndio uzee wenyewe, na ukishautoa haurudi. Kwa anayetaka kutumia zana, njia ya kati inatosha: toa kutu nyekundu inayokula, noa, paka mafuta, acha mengine. Grainda isiguse jina lililogongwa wala makali, kwa sababu joto lake hulainisha chuma na kisu hakikai tena na makali.

Kutu ya kawaida hutoka kwa siki. Loweka kwa saa kadhaa, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kausha hapohapo na upake mafuta. Ukiisahau kwa siku kadhaa, siki huanza kula chuma chenyewe.

Njia nyingine ni ya umeme mdogo wa chaja ya betri ya gari, ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji na magadi. Kifaa hufungwa upande hasi, kipande cha chuma cha kawaida upande chanya, na visigusane. Inafanya kazi vizuri, ila ina masharti mawili yasiyo na mjadala. Ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu hutoa hewa ya haidrojeni inayowaka. Na kipande cha upande chanya kisiwe stenlesi, kwani chuma hicho kikiliwa na umeme huachia kromiamu ya aina inayosababisha saratani, ikabaki kwenye maji ambayo mtu atayamwaga uani.

Siki isikutane na jiki. Mtu anayedhani dawa mbili ni bora kuliko moja anajitengenezea gesi ya klorini bafuni kwake.

Rangi ya zamani na mtoto anayetambaa

Kutu inatisha kwa macho, lakini rangi ndiyo ya kuogopa. Masanduku ya zamani ya zana mengi yalipakwa rangi ya mafuta, na rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, kwa hiyo kila kilichopakwa kabla ya hapo kinashukiwa. Mahali ambapo udhibiti ulichelewa, hata sanduku la juzijuzi halina kinga.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na inamharibia ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza hupungua, utulivu hupungua, damu nayo hupungua. Kwa mjamzito, risasi humfikia mtoto tumboni. Ubaya wake ni kwamba hakuna homa wala kipele. Mzazi ataona tu mtoto hashiki masomo, atamlaumu mwalimu.

Risasi haihitaji mtoto alambe sanduku. Baba anasugua kwa msasa mkavu barazani, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anatia kidole mdomoni. Au baba anafanya kazi mbali, anarudi na shati lilelile, anambeba mtoto. Vumbi limeshafika.

Kwa hiyo rangi ya zamani isisuguliwe kikavu, isichomwe moto. Kama haibanduki, iache na kuifunika kwa rangi mpya. Kama ni lazima kuitoa, tumia msasa wa maji nje ya nyumba, tandika plastiki chini na uitupe pamoja na mabaki yote, vaa barakoa nzito ya kuzuia vumbi na si kitambaa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe, maana ufagio hurusha vumbi upya. Mwenye wasiwasi kuhusu mtoto wake amweleze daktari wazi kwamba kulikuwa na rangi ya zamani. Kipimo ni cha damu, na si kila kituo kina uwezo wa kukifanya.

Vumbi la mbao lenyewe nalo si la kudharau. Taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO imeliweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake.

Vipi kuhusu pepopunda? Wengi huamini kutu ndiyo inayoleta ugonjwa huo. Kinachouleta ni bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na zana iliyolala stoo chini kwa miaka ina udongo wa kutosha. Kinga ni chanjo. Watoto na wajawazito huipata kliniki, lakini mwanamume wa miaka 50 anayeshika patasi chafu mara nyingi hakumbuki alichanjwa lini. Akijikata, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Limebaki la kitambaa. Mafuta ya mbegu za kitani, yanayopendwa kwa kupaka mipini, hupata joto yakikauka. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikifinyangwa na kutupwa kwenye kona vinaweza kuwaka vyenyewe usiku. Vitandazwe nje, au vitiwe kwenye kopo la maji. Na siki, mafuta ya taa au tina visihifadhiwe kwenye chupa ya soda.

Nani arithi

Australia, tangu miaka ya 1990, kuna mabanda ya jamii ambako wanaume waliostaafu hukutana kufanya kazi za mikono, na wazo hilo limeenea hadi Uingereza. Wanaoshiriki husema upweke umepungua. Ushahidi mwingi ni maelezo yao wenyewe, lakini aliyeishi na mzee aliyeacha kazi akakosa la kufanya hatayapuuza.

Familia isiyo na seremala inaweza kumpa zana kijana aliyemaliza mafunzo akiwa na cheti bila randa. Kabla ya kumkabidhi, pigeni picha majina na alama zilizoko kwenye mipini, na muandike orodha kama alivyofanya Benjamin Seaton. Misumeno isichanganywe: wa kupasua, unaofuata mkondo wa mbao, una meno makubwa yenye ncha bapa kama patasi, wa kukata kwa kukingama una meno madogo yaliyochongoka kama visu. Kijana akiupeleka kunolewa, aseme ni upi, kwa sababu mnoaji asiyejua anaweza kugeuza wa kukata kuwa wa kupasua kwa mchana mmoja.