Kabla ya dawa, joto

Julai ikiingia Kianyaga, katikati ya Kenya, mafuta ya kupikia huganda koponi hadi uyachote kwa kisu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya kichanga nayo hayako mbali na hapo: yana asidi ya palmitiki na ya steariki kwa wingi kuliko ya mtu mzima, kwa hivyo huwahi kuganda mwili ukipoa.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya siku kutimia, akipoa, hasa aliye na maambukizi kwenye damu, anaweza kukakamaa ngozi kuanzia mapajani na makalioni. Muuguzi akiifinya haifinyiki. Akiibonyeza, kidole hakiachi shimo. Viganja na nyayo hubaki laini. Ugonjwa huu ni sklerema. Daktari Mwingereza Michael Underwood aliueleza mwaka 1784, na hadi leo wengi wanaoupata hufa.

Nchini China madaktari wamejaribu dawa za kutanua mishipa: fentolamini, na anisodamini iliyopatikana mwaka 1965 kutoka mmea wa nyanda za juu za Tibet. Hoja yao ni kwamba baridi hubana mishipa midogo, damu ikashindwa kuifikia ngozi. Ifungue, damu ipite. Hoja ina mashiko. Tatizo ni kwamba majaribio mengi ni madogo, na watoto hao hao walipashwa joto na kupewa viuavijasumu. Nani aseme ni kipi kilichowaokoa? Isitoshe, mishipa ikitanuka presha inaweza kuporomoka, na mtoto wa kilo moja na nusu hana akiba ya kuhimili hilo. Mimi nisingependa dawa hizi zianze kujaribiwa mahali ambapo presha ya kichanga haipimwi saa zote.

Kuhusu joto, ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto waliozaliwa na uzito mdogo waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, kwa mtindo wa kangaruu, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko vya waliosubiri hali yao itulie kwanza.

Kwa mtindo huu mtoto huvaa nepi, soksi na boshori tu, ngozi kwa ngozi, leso ikafungwa juu. Mama akichoka, baba au cucu, yaani bibi, humpokea. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kuoga kungoje saa 24. Akikataa ziwa, au paja likiwa gumu, apelekwe hospitali usiku huo huo, na hata ndani ya gari la kwenda Kerugoya asitolewe kifuani.