Bosi akitaka kuijua laptopu yako mwambie, lakini funguo baki nazo

Umetuma CV hadi ukachoka. Hatimaye jibu linakuja: kazi umepata, utafanyia nyumbani, unaanza Jumatatu. Kabla hujamaliza kumpigia mama simu, barua pepe ya pili inaingia. Wanataka kujua laptopu yako ni ya aina gani, RAM ni ngapi, Windows ni ya ngapi, nambari ya seriali, anwani ya MAC, na mwisho kuna linki ya programu ambayo kila mfanyakazi lazima aweke. Ijazwe leo kabla ya jioni.

Wasee wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaojaza kila kitu na kubonyeza kila kitu mbiombio, kwa sababu kodi inadai na kazi siku hizi haziokotwi. Halafu kuna wanaoshtuka, wakaona bosi anataka kuwapeleleza, wakakataa hata kutaja RAM. Wote wamechanganya mambo mawili tofauti: kumpa mtu habari za mashine yako, na kumpa uwezo juu ya mashine yako.

Fikiria keja yako. Ukimwambia mtu unaishi nyumba B7, ghorofa ya pili, ana habari. Akija, bado atabisha mlango. Ukimpa ufunguo wa ziada, hana haja ya kubisha. Ile barua pepe inaomba vyote viwili kwenye orodha moja, kana kwamba ni kitu kimoja.

Wanachouliza kinaonyesha nini?

Tuanze na rahisi. Aina ya laptopu, RAM, prosesa na toleo la Windows au macOS huonyesha tu kama mashine yako itabeba kazi. Ukiulizwa kama una kinga ya virusi na kama diski imefungwa kwa usimbaji, wanataka kujua mwizi akiibeba atasoma mafaili au la. Jibu tu. Hakuna siri hapo.

Nambari ya seriali ni ile tarakimu na herufi zilizobandikwa chini ya mashine. Mtu akiwa nayo anaweza kujua ni modeli gani na pengine kama waranti bado ipo. Kampuni huiandika kwenye orodha yake ya vifaa. Haimwezeshi mtu kufungua picha zako wala kusoma WhatsApp yako.

Anwani ya MAC ni utambulisho wa kile kifaa kidogo ndani ya laptopu kinachoshika waifai. Ofisi huitumia kuamua ni mashine zipi zinaruhusiwa kwenye mtandao wake. Kama kazi yako yote ni ya nyumbani na hutawahi kukanyaga ofisini, una haki ya kuuliza wanaitakia nini. Nayo anwani ya IP huonyesha kampuni inayokupa intaneti na eneo ulipo kwa kukadiria tu. Wataiona hata usipowaambia, maana kila ukiingia kwenye mfumo wao inaacha alama.

Na tuwe wakweli, mwajiri naye ana presha yake. Ukikalia laptopu yenye majina, simu na malipo ya wateja wake, halafu inyakuliwe dirishani mwa matatu, shida ni yake pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wenye data. Kwa hivyo HR akiuliza kama diski yako imefungwa, usimwone mnoko. Anafanya kazi yake.

Ufunguo wenyewe uko wapi?

Uko kwenye ile linki ya mwisho. Programu za kusimamia vifaa huipa kampuni uwezo wa kulazimisha paswadi, kuweka na kuondoa programu, kufunga mashine na, kutegemea ilivyopangwa, kufuta kila kitu kilichomo wakiwa mbali. Nyingine huweka cheti cha usalama kinachowezesha mitambo ya kampuni kusoma hata tovuti zenye alama ya kufuli. Na ziko za kuhesabu saa, zinazopiga picha za skrini. Upwork, kwa mfano, hupiga picha mara moja katika kila dakika kumi wakati saa yako inahesabu. Angalau hapo mfanyakazi anaziona picha zenyewe na anaweza kufuta moja, akikubali kupoteza malipo ya dakika hizo kumi.

Programu hizi si haramu. Kwenye laptopu iliyonunuliwa na kampuni, ni sawa kabisa. Tatizo ni pale mashine ni yako, ndiyo unayofanyia kozi, ndiyo unayoweka stetimenti za M-Pesa, na ndiyo dadako anaazima jioni kufanya asainmenti.

Jamaa mmoja tuliyeishi naye ploti moja Kasarani alijibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya ng'ambo kwa karibu mwaka mzima. Laptopu ilikuwa yake. Mkataba uliisha Ijumaa bila ugomvi, wakaagana vizuri tu. Jumamosi asubuhi aliwasha mashine akapata inaanza kama imetoka dukani: chagua lugha, chagua nchi. Kazi za usanifu alizokuwa akiwafanyia watu kando, posta za kanisa, nembo za maduka, zote hazipo. Picha za mazishi ya babake, hazipo. Alipoandika kuuliza, alijibiwa kwa heshima kwamba huo ndio utaratibu kwa kila anayeondoka, na kwamba alikubali siku ya kwanza. Ni kweli alikuwa amekubali. Alibonyeza kisanduku kimoja saa mbili asubuhi, akiwa na hamu ya kuanza kazi.

Hakuna aliyemwibia. Hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu hana hata mtu wa kumshtaki.

Kama umewahi kununua laptopu ya ex-UK pale Luthuli au Moi Avenue, huenda umeona upande wa pili wa jambo hili. Unafika nyumbani, unaiformat, na badala ya kukukaribisha inakudai barua pepe ya kampuni fulani ya Uingereza ambayo hujawahi kuisikia. Mashine ilisajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na hakuna aliyeiondoa kwenye orodha kabla ya kuuzwa. Kuformat hakukusaidia kitu. Sasa geuza hadithi: ukiruhusu mwajiri asajili laptopu yako kwa njia hiyo, halafu muachane na asahau kuiondoa, wewe ndiye utakayehangaika na mteja siku ya kuiuza.

Sheria iko upande gani?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya 2019 inaongeza kwamba data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kazi iliyotajwa, na kwamba uambiwe inakusanywa kwa nini na nani atakayeiona. Ukitoa idhini, unaweza kuiondoa baadaye, na ni jukumu la anayekusanya kuthibitisha kwamba uliitoa. Unaweza pia kuomba uonyeshwe data waliyo nayo kukuhusu. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kukujibu, tena bila malipo.

Wakikuchezea shere, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na sheria inataka lalamiko lako limalizwe ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Lakini usijidanganye: hakuna faini itakayorudisha picha zilizofutwa. Ndiyo maana kazi kubwa ni ile unayofanya kabla ya kubonyeza.

Basi fanya hivi

Kwanza, ukiingia kwenye Outlook au Teams na barua pepe ya kazi, Windows mara nyingi hutoa kidirisha chenye kisanduku "Allow my organization to manage my device". Huwa kimewekwa tiki tayari. Ondoa tiki hiyo, kisha uchague kuingia kwenye apu hiyo moja tu. Maneno hubadilika kidogo kulingana na toleo, kwa hivyo soma. Ni sekunde tano, na ndizo zilizomkosa jirani yangu.

Pili, kagua kama tayari kuna mtu ndani. Kwenye Windows ingia Settings, Accounts, kisha Access work or school. Kwenye Mac ingia System Settings, General, kisha Device Management. Kwenye Chrome andika chrome://management pale juu. Ukikuta jina la kampuni uliyoacha kazi mwaka juzi, waandikie wakutoe.

Tatu, tenganisha. Fungua akaunti ya pili ya Windows ya kazi peke yake, na profaili ya pili ya Chrome. Hii inazuia kuchanganya mafaili na paswadi, na ukishea skrini kwenye mkutano bosi haoni ulivyokuwa ukitafuta kazi nyingine. Lakini jua mipaka yake: ukishaweka programu ya kusimamia mashine nzima, akaunti ya pili haikukingi. Simu za Android ziko afadhali hapa, kwa sababu zina sehemu ya kazi iliyojitenga, na mwajiri anaweza kufuta upande wake bila kugusa wako.

Nne, weka nakala za vitu vyako kwenye diski ya nje au Google Drive yako binafsi, kabla ya siku ya kwanza kazini. Hata kama humwogopi bosi, kuna chai inayomwagika.

Tano, mtu akitaka uweke AnyDesk au apu nyingine ya kuongoza mashine kwa mbali kabla hata ya kusaini mkataba, au akitaka paswadi yako au nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa simu, hiyo si kazi. Toka hapo. Kampuni ya kweli haihitaji paswadi yako kwa sababu yoyote.

Sita, uliza kwa maandishi. Huhitaji kuwa mkali. Kitu kama hiki kinatosha: "Asante kwa nafasi hii. Hizi hapa ni habari za laptopu yangu kama mlivyoomba. Kwa kuwa mashine ni yangu binafsi, ningependa kujua programu mnayotaka niweke inaona nini, inafanya kazi saa ngapi, kama inaweza kufuta mafaili yangu, na itaondolewa vipi mkataba ukiisha. Kama usimamizi kamili ni lazima, je, kuna uwezekano wa kupewa laptopu ya kampuni?"

Ukiwa hapo, taja na gharama. Stima ni yako, bando ni lako, na betri inayokufa ni yako. Kama kampuni imeokoa bei ya laptopu kwa kutumia yako, kuomba marupurupu kidogo ya kila mwezi si tamaa.

Najua atakayesema: nikiuliza maswali mengi watampa mwingine. Inawezekana. Kuna wanaopenda wafanyakazi wasiouliza. Lakini angalia ulichotuma kwenye ujumbe ule. Umewapa kila walichohitaji kujua kuhusu mashine, siku ileile, bila kuwazungusha. Ulichobaki nacho ni swali kuhusu ufunguo. Mwajiri anayelinda data za wateja wake kwa dhati huwa na jibu tayari, kwa sababu si wewe wa kwanza kumuuliza.

Na asiye na jibu ujue anataka kusimamia mashine ambayo pengine mamako alichukulia mkopo wa chama ili uipate. Kama hawezi kukueleza ataifanyia nini, waandikie kwamba utaanza kazi siku watakayoleta ya kwao.