Kisukari cha watoto: Wasichana na wavulana wanatofautiana wapi?

Tuseme una binti wa miaka 11 hapo Bulyaga, mjini Tukuyu. Ndizi anakula vizuri tu, lakini anakonda. Maji hayamtoshi, na usiku anaamka kukojoa mara tatu, nne. Mtaani utaambiwa "anakua huyo", au ni UTI. Kumbe inaweza kuwa kisukari aina ya kwanza.

Kinatokeaje?

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikiisha, sukari inabaki kwenye damu. Hakiletwi na pipi wala soda, na si kurogwa.

Nani anaugua zaidi?

Magonjwa mengi ya kinga kujishambulia, kama lupus, huwapata zaidi wanawake. Hiki ni tofauti: utotoni wasichana na wavulana wanakaribiana. Ulaya, baada ya balehe, vijana wa kiume ndio wanaoongoza.

Kwetu hakionekani sana. Utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 1982 hadi 1991 ulikuta wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wenye umri chini ya miaka 20. Uchache huo ndio unafanya wengi wasikifikirie.

Tofauti zenyewe

*Umri.* Wagonjwa wapya huwa wengi zaidi kipindi cha balehe. Wasichana wanabalehe mapema, kwa hiyo kwao kipindi hicho huanza kabla ya wavulana. Ndiyo maana dalili zao ni rahisi kuchanganywa na mambo ya kukua.

*Dozi.* Homoni za balehe hupunguza nguvu ya insulini kwa wote, lakini wasichana wengi huhitaji dozi kubwa zaidi. Wengine sukari hupanda karibu na hedhi. Sukari ikipanda hivyo, usikimbilie kumgombeza kwamba amekula ovyo. Mrudishe kliniki dozi ipangwe upya.

*Kuruka sindano.* Wapo wanaoruka dozi kwa kuogopa kunenepa, hasa wasichana. Kuacha insulini kunaweza kuua ndani ya siku chache. Ongea naye, usimfokee.

Mzazi ufanye nini?

Dalili ni zilezile kwa wote: kiu kali, kukojoa sana, kukonda, kuchoka. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akirudia, shtuka.

Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au mdomo kunukia kama matunda yaliyoiva sana, usisubiri kesho. Hali hii huchanganywa na malaria, kwa hiyo hata kama kipimo cha malaria kimefanyika, omba na cha sukari. Ni tone la damu ya kidole na majibu ni ya papo hapo. Sukari ikifika 11.1 au zaidi na dalili hizo zipo, ni kisukari, na matibabu yanaanza siku hiyohiyo.

Awe wa kike au wa kiume, akipata insulini kila siku atasoma, atacheza na atakua kama wenzake.